Mwaka wa Kibodi ya Mkono Mmoja

Tulimzika Mzee Elieskia kule Chome, kukiwa na ukungu mzito kiasi kwamba waombolezaji waliosimama upande wa pili wa kaburi niliwatambua kwa sauti zao za kuimba tu. Wasifu wake ulisomwa: kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, ndoa, watoto, na kwamba alikuwa fundi redio Same mjini kwa miaka mingi. Fundi redio, basi. Nilikaa nimekunja uso, maana mimi nikikasirika uso wangu hauna siri, hadi Namsifu, rafiki yangu tangu shuleni, akanibinya goti. "Ulitaka wasome nini?" akaninong'oneza. "Kwamba marehemu alianika kibodi juu ya bati?" Nikashikwa na kicheko msibani, nikajifunika kitenge usoni, na mama mmoja aliyekaa nyuma yetu akawa ananipapasa mgongo akidhani kilio kimenizidi. Baadaye tulipewa makande kwenye sahani za bati, ya moto, maharage yameiva hadi yanapasuka, na Namsifu akala kwa mkono wake wa kushoto mbele za watu wote. Siku hizi hakuna anayemtazama mara mbili. Ndipo nikaukumbuka mwaka ule, na nikaona kama wasifu haukuusema, basi nitausema mimi.

Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, cheti kipo, kazi hakuna. Nikapanga chumba kimoja Same, nyuma ya stendi, chenye kitanda, meza, jiko la mkaa, ndoo za maji na bati lisilo na dari. Mchana bati lile lilikuwa linalia lenyewe likitanuka kwa joto, na upepo wa Same, ambao hauna adabu, uliingiza vumbi hadi ndani ya kopo la sukari. Nilikuwa nalalamika kutwa. Mtu wa milimani akija mjini husema ameshuka, na tangu anashuka moyo wake unakuwa kwenye siku ya kupanda tena. Kwetu sisi dunia halisi iko kule juu, kwenye migomba na ukungu wa mlima Shengena. Huku chini ni mahali pa kuuzia tangawizi na kusubiri basi. Hata joto la Same hatukulihesabu kuwa hali ya hewa. Tulilichukulia kuwa usumbufu wa muda, kama homa. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililotuponza.

Banda la Mzee Elieskia lilikuwa hatua chache kutoka kwangu. Nilianza kwa kwenda kuomba risasi ya kuunganishia waya, nikaishia kukaa huko kutwa nzima. Alikuwa mtu mfupi, mchokozi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alikuwa ananiita injinia kwa sauti ambayo sikujua kama ni heshima au dhihaka. Redio zilikuwa zimeanza kuadimika. Watu walimletea simu, chaja, dekoda, na zile flashi zao za kuhifadhia picha za harusi na nyimbo za kwaya, ambazo zikishakufa hazifufuki, naye alikuwa anazitupa kwenye kopo la maziwa ya unga akisema hawezi kutupa kitu chenye madini. Mimi nilikuwa na kichwa cha kuandikia chipu programu, yeye alikuwa na mikono. Mchana tulikula wali na perege wa Ziwa Jipe kwa mama wa jirani, tukibishana kama watu waliooana. Najua sasa kuwa nilikuwa na furaha kubwa kipindi kile, ingawa mtu angeniuliza siku zile ningemwambia ninateseka.

Namsifu alikuwa katibu muhtasi wa shule moja ya sekondari pale Same. Alikuwa anachapa bila kuangalia vidole, huku anaongea na wewe, huku anakunywa chai. Likizo ya Pasaka alipanda nyumbani Chome, akaenda kumsaidia mjomba wake kwenye mashine ya kusaga, na mkanda wa mashine ukamvuta mkono wa kulia. Alipona, lakini vidole vyote vya mkono ule vilibaki hospitali. Nilipokwenda kumtazama alikuwa ameketi jikoni kwao, mkono umefungwa, na mbele yake sahani ya ndizi imepoa. Hakutaka kula kwa mkono wa kushoto mbele ya wakubwa, na kijiko alikiona ni cha wagonjwa, kwa hiyo alikuwa anasubiri watu wote watoke. Nikakaa nikimsubirisha kwa kutotoka. Mwishowe njaa ikamshinda, akala, machozi yanamtiririka, na mimi nikala kwa kushoto pamoja naye. Hatukuwahi kulizungumza tena.

Mkuu wa shule, mama mmoja mnyoofu asiyependa maneno mengi, alimwambia nafasi yake itashikiliwa na mwalimu wa zamu hadi shule zifunguliwe Januari. Hapo aje aonyeshe kama anaweza kuchapa, na kama hawezi, atatafutwa mwingine. Namsifu alijaribu kibodi ya kawaida kwa mkono mmoja. Alikwenda kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi, herufi moja baada ya nyingine, na mitihani ya shule nzima haiwezi kuchapwa hivyo. Siku anatoka kuchukua vitu vyake ofisini alisikia walimu wawili wakiongea dirishani. "Katibu bila vidole," mmoja alisema, "ni sawa na dereva bila macho." Alinisimulia hayo akiwa amesimama mlangoni kwa Mzee Elieskia, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo, jambo ambalo lilinitisha kuliko kama angelia.

Mzee akavua miwani. "Mwanangu, mkono wa kushoto mzima una vidole vingapi?"

"Shikamoo Mzee. Vitano."

"Marahaba. Basi vinatosha. Injinia, kazi hiyo."

Wazo halikuwa jipya duniani, lakini kwetu lilikuwa jipya kabisa: kibodi yenye vitufe saba vikubwa chini ya mkono mmoja, na kila herufi inapatikana kwa kubonyeza kadhaa kwa mpigo, kama mpiga kinanda wa kwaya. Ugumu haukuwa kwenye vitufe. Ugumu ulikuwa kwenye waya. Kompyuta ya shule ilikuwa mali ya shule, haikuruhusiwa kuwekewa chochote, kwa hiyo kifaa chetu kilitakiwa kuchomekwa kwenye tundu la USB na kujitambulisha chenyewe kama kibodi ya kawaida. Zipo chipu zilizotengenezwa na sehemu maalumu ya kuongea lugha hiyo ya USB. Yetu haikuwa nayo. Ilikuwa chipu ya bei ya chini iliyonifaa chuoni, na nilichofanya ni kuifundisha kwa programu tupu iongee lugha ambayo haikuzaliwa nayo.

Nieleze kidogo, halafu nitaacha. Kompyuta inaita vifaa vyake kama mwalimu anayeita majina ya mahudhurio asubuhi. Anaita haraka sana, hamsubiri mtu, na ukichelewa kuitika unaandikwa mtoro. Tena haitoshi kuitika. Lazima uitike kwa mwendo uleule wa mwalimu, maana kompyuta hupokea ujumbe vipande vipande, na kila kipande kina muda wake. Chipu yetu ilikuwa na hatua nane tu za saa yake kwa kila kipande. Ndani ya hatua hizo ilitakiwa isikilize, ikumbuke, na ijiandae kwa kinachofuata. Saa ikikimbia kidogo au ikijivuta kidogo, kipande cha pili kinasomwa mahali pa tatu, na ujumbe wote unakuwa kelele. Watengenezaji makini huweka kristali, kile kikopo kidogo cha kung'aa kinachoshika mwendo wa saa usiyumbe. Sisi hatukuwa nayo. Ila chipu ilikuwa na saa yake ya ndani ambayo unaweza kuirekebisha kwa mkono hadi ilingane na ya kompyuta, na hiyo ndiyo tuliyotumia.

Julai Mzee alifunga banda, kama kawaida yake, akapanda Chome kuangalia kahawa yake, nasi tukapanda naye. Kazi yote tuliifanya jikoni kwake. Nakumbuka moshi, chai ya tangawizi kwenye vikombe vizito, mkewe akituambia kwa Chasu, Kipare chetu, tusogeze vyuma vyetu apike, na baridi ambayo ilitufanya tufanye kazi tumejifunika mablanketi mabegani kama wagonjwa. Nilikuwa nabadilisha namba ya saa, tunachomeka, kompyuta mpakato ya zamani ya Mzee inakataa; nabadilisha tena, inakataa. Asubuhi moja ikakubali. Namsifu akaweka vidole vyake, akabonyeza, na kwenye kioo ikatokea herufi moja tu, kubwa, peke yake: N. Mzee alitoka nje akajifanya anaangalia kuku. Mimi nililia waziwazi, sina aibu ya kusema.

Tulimwachia Namsifu kompyuta ile na kisanduku cha vitufe vyetu, tukashuka. Alifanya mazoezi huko juu miezi yote iliyobaki. Alichapa Zaburi, alichapa nyimbo za kwaya, alichapa umbea wa usharika mzima na kuufuta. Nilipopanda Krismasi alikuwa anachapa huku anaongea na mimi, huku anakunywa chai. Nilirudi Same nikiwa na uhakika kama wa mtu aliyekwishalipwa.

Januari akashuka. Sitaisahau ofisi ile: dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi, feni iliyoharibika, kalenda, mkuu wa shule amekaa mikono kifuani, na jua la Same limeshika bati. Namsifu akachomeka kisanduku chake. Kompyuta ikatoa mlio, halafu ikaandika kwamba kifaa cha USB hakijatambuliwa. Akachomoa, akachomeka. Hakijatambuliwa. Mimi nikajaribu tundu la nyuma, nikajaribu waya mwingine. Jasho lilikuwa linanidondokea mezani. Mkuu alisubiri kwa uvumilivu, na huo uvumilivu wake ndio uliotuumiza, kisha akasema taratibu, "Namsifu, nimejitahidi. Kesho nitaanza kupokea maombi ya wengine."

Alilala kwangu. Alfajiri niliamka nikakuta ameshawasha jiko la mkaa, ameweka maji ya chai, na amekaa mezani na kisanduku kimechomekwa kwenye kompyuta ya Mzee aliyoshuka nayo. Kwenye kioo kulikuwa na maneno: chai bado, lala.

"Kimekubali?" nikauliza.

"Nilikuwa nakiaga tu," alisema. "Kikaitika."

Tulikaa tukikitazama kama mtoto aliyezimia akaamka. Alichapa, nikachapa, kila kitu sawa. Kisha maji yakachemka, nikalisogeza jiko karibu na meza ili tupate nafasi ya kukaa, tukamimina chai, na tukiwa bado tunapuliza vikombe kompyuta ikalia. Hakijatambuliwa. Nikalisukuma jiko mlangoni bila hata kuelewa kwa nini. Namsifu akachukua kanga yenye maji iliyokuwa kwenye ndoo, akakifunga kisanduku kama mtu anayemkanda mgonjwa. Baada ya muda akachomeka tena. Kikakubali.

"Kinafanana na mimi," alisema. "Joto la Same hakiliwezi."

Tukaenda kwa Mzee tukikimbia. Alisikiliza hadi mwisho, akakaa chini kwenye kiti chake. Saa ya ndani ya chipu hubadilika mwendo ikipata joto. Hilo nililisoma chuoni, nikajibu mtihani, nikapata maksi. Yeye naye alikuwa amerekebisha redio zinazohama stesheni kwa joto la mchana kwa miaka yote ile. Hakuna aliyelifikiria. Tulikuwa tumeipatanisha saa ile jikoni Chome, mwezi Julai, tumejifunika mablanketi, kwa ajili ya ofisi iliyoko Same ambayo inatumika Januari. "Wapare wa juu," Mzee alisema akijishika kichwa. "Tumetengeneza kitu cha kwetu." Tulicheka hadi mama wa perege akaja kuuliza kuna nini.

Mimi nikaja na hila. Mkuu aombwe nafasi ya pili, asubuhi na mapema, kabla bati halijashika moto, na kisanduku kibebwe ndani ya kitambaa chenye maji. Namsifu akasema atakwenda mwenyewe kumwomba. Alirudi baada ya muda, vumbi hadi kwenye nyusi, akaketi juu ya redio mbovu. Mkuu amekubali. Mkuu amemwambia achague mwenyewe saa.

"Ukachagua saa moja," nikasema.

"Nimechagua saa nane mchana."

Nilimwambia amerukwa na akili. Nilimwambia mengine pia, kwa sauti kubwa, wapita njia wakisikia. Hatukuwa na dawa, tulikuwa na kanga yenye maji tu. Namsifu alinisubiri nimalize. "Nakunda, mitihani haichapwi asubuhi tu," alisema. "Nikipata kazi kwa kitambaa cha maji, wiki ijayo mchana watanikuta nimekaa na sanduku bubu. Bora anifukuze mara moja." Leo nikiwa na umri huu, nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeo, na sijaona wengi ambao wangechagua saa nane.

Mzee hakuwa ameshiriki ugomvi wetu. Alikuwa ameinamia kopo lake la flashi zilizokufa, anazifungua moja moja kwa bisibisi. Ndani ya kila flashi, pembeni ya madini yake anayoyatunza, kuna kikopo kidogo cha kung'aa. Kristali. Tulikuwa tumekaa nazo mwaka mzima. Alinitazama, nikamtazama, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemtania mwenzake. Aling'oa moja, akaijaribu, mbovu, akang'oa nyingine. Akaipachika kwenye ubao wetu kwa risasi, mkono wake umetulia kabisa, wakati mimi naibadilisha programu isiitegemee tena saa ya ndani, ifuate ya kristali, ambayo joto haliiyumbishi.

Kikafanya kazi bandani. Lakini Mzee hakuridhika. Akachukua kisanduku, akapanda juu ya stuli, akakiweka kwenye bati la banda lake, jua la mchana likiwaka, waya mrefu ukiingia dirishani hadi kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa ndani natazama kioo, Namsifu yuko nje juu ya stuli, amejifunga mtandio kichwani, anachapa juani. Soko lote likasimama. Mtu mmoja wa kijiji cha Kisiwani aliyeleta mbuzi mnadani akauliza, "Fundi, siku hizi unaanika dagaa?" Mzee akamjibu bila kugeuka, "Huyu dagaa anajua kuandika." Kisanduku kilikuwa cha moto hadi Namsifu akawa anainua vidole na kuvipuliza. Kwenye kioo maneno yaliendelea kuja, mstari baada ya mstari, bila kukatika. Mengi yalikuwa lawama kwangu.

Siku yenyewe ilipofika upepo uligoma kabisa. Namsifu aliingia ofisini na kisanduku chini ya kwapa, mlango ukafungwa. Mimi na Mzee tukakaa kwenye benchi la nje, na kwenye benchi lilelile alikuwepo tayari binti mmoja mwenye bahasha ya khaki na viatu vipya, amekaa wima, anajipepea na bahasha. Alitusalimia kwa heshima, "Shikamoo baba," na Mzee akaitika. Alisema ameitwa aje asikilizie nafasi ya katibu. Alisema ametoka kijijini Kifaru asubuhi. Alikuwa mtoto mzuri, mpole, na niliomba Mungu amnyime, kisha nikaona haya, kisha nikaomba tena.

Mlango ulikuwa mzito, hatukusikia kitu. Kengele ya shule iligongwa, wanafunzi wakapita, wakaisha. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua. Nilitaka kumwuliza kama risasi yake ilishika vizuri nikaogopa jibu. Kupitia kioo cha juu ya mlango niliona dari tu, na ile feni iliyosimama.

Mlango ukafunguliwa, mkuu wa shule akatoka akiwa na karatasi mbili mkononi, bado za moto kutoka kwenye printa. Alimwendea binti wa Kifaru kwanza. "Mwanangu, samahani kukuchosha na jua hili," alimwambia. "Nafasi ina mwenyewe." Binti akaangalia viatu vyake, akasema ahsante, akaondoka taratibu. Sisi tukabaki tumesimama, Mzee ameshika kofia kifuani, tukisubiri Namsifu atoke ili tumkumbatie.

Mkuu akatuangalia mmoja mmoja.

"Na nyie mnasubiri nini?" akauliza. "Hatoki mpaka saa kumi. Yuko kazini."